Umeme wa chumba cha kupanga: mita inahesabu uniti, haijui bangi

Mwezi Mei 2021, polisi wa West Midlands nchini Uingereza walivunja mlango wa jengo la karakana huko Sandwell, jirani na Birmingham, wakiamini kwamba ndani kuna shamba la bangi. Dalili zote zilikuwepo. Watu waliingia na kutoka kwa nyakati tofauti mchana kutwa, nyaya na mabomba ya hewa yalionekana kwa nje, na droni iliyorushwa juu ya paa iliona joto jingi. Walichokikuta ni kompyuta zipatazo 100 zikichimba sarafu ya bitcoin. Hapakuwa na jani hata moja la bangi. Kosa lililobainika lilikuwa jingine: umeme ulikuwa umeunganishwa kinyemela bila kupita kwenye mita.

Watu wengi wamekichekea kisa hicho. Lakini mfanyabiashara anayepanga chumba upande mmoja wa mpaka na stoo upande wa pili ana sababu ya kukisoma mara mbili. Umeme mwingi ndani ya chumba cha kupanga umekuwa dalili inayotafutwa na polisi na kampuni za umeme huko Ulaya na Marekani, na dalili hiyo inakamata watu wa aina mbili: wanaoficha jambo, na wanaofanya kazi halali inayokula umeme.

Tuanze na swali la msingi. Kwa nini mtu apande bangi ghorofani? Mmea wenyewe hauhitaji umeme. Huku kwetu, wanaoilima kwa kificho katika milima ya Arusha au huko Mara wanaiacha kwenye jua la Mungu, na jua halileti ankara. Huko Ulaya siku za majira ya baridi ni fupi, na shamba la wazi linaonekana na jirani hata kabla ya polisi. Ndiyo maana chumba cha kulala cha nyumba ya kupanga Rotterdam au Birmingham kinageuzwa shamba: madirisha yanazibwa, taa zinaning'inizwa, feni zinatoa joto, na harufu inapitishwa kwenye kichujio cha mkaa. Mwanga aliotakiwa kuutoa Mungu bure unanunuliwa kwa kilowati.

Hesabu yake si ngumu. Taa za sodiamu zilizotumika kwa miaka mingi katika kazi hiyo huwa za wati 600 au 1,000. Mche mdogo huwashiwa saa 18 kwa siku. Ukifika wakati wa kutoa maua hupewa saa 12 za mwanga na 12 za giza. Chukua taa moja tu ya wati 600 kwa saa 12. Ni uniti 7.2 kwa siku, uniti 216 kwa mwezi. Tanzania ina daraja la mteja mdogo wa nyumbani anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi kwa Sh100 kila uniti kabla ya kodi, na akizidisha, bei hupanda zaidi ya mara mbili. Kenya nayo daraja la mteja mdogo kabisa linaishia uniti 30. Kwa hiyo taa moja, kabla ya kuwasha feni wala kiyoyozi, inakula karibu mara tatu ya kiwango cha Tanzania na zaidi ya mara saba ya kile cha Kenya. Wanaofanya biashara hawafungi taa moja.

Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani, Evan Mills, alichapisha makadirio yaliyowashtua wengi. Kilimo cha bangi cha ndani, alisema, kilikuwa kinatumia takriban asilimia 1 ya umeme wote wa Marekani na asilimia 3 ya umeme wa jimbo la California, kwa gharama ya dola bilioni 6 kwa mwaka. Alikadiria pia kwamba eneo la mita 1.2 kwa mita 1.2, yaani nafasi ya meza ya chakula, likilimwa kwa taa, linaongeza maradufu matumizi ya umeme ya nyumba ya kawaida ya Marekani. Taa za LED zilizokuja baadaye zimepunguza mzigo huo. Hata hivyo, unyevu na joto la chumba kilichofungwa bado vinataka mashine.

Nchi yenye mafunzo mengi zaidi kwa mfanyabiashara ni Uholanzi. Tangu mwaka 1976 sheria yake inatofautisha bangi na dawa kali, na maduka maalumu yanavumiliwa kumuuzia mteja hadi gramu 5. Lakini kuilima na kuyapelekea maduka hayo mzigo kulibaki kosa. Waholanzi wenyewe wanaliita tatizo la mlango wa nyuma. Mtu yeyote aliyewahi kushusha mzigo mpakani atalielewa bila kufafanuliwa: ukiruhusu duka liuze na ukakataza ghala lipokee, bidhaa itatoka mahali usipopaona. Ilitoka vyumbani. Wapangaji wenye madeni walipewa fedha ili waachie dari au chumba kimoja, taa na miche vikaletwa na wengine, na msako ulipofika aliyekutwa ndani alikuwa mpangaji. Uingereza hali ni mbaya zaidi, kwani baadhi ya wanaokutwa wakimwagilia miche ni vijana waliosafirishwa kiharamu kutoka Vietnam na kufungiwa ndani.

Serikali ya Uholanzi imeanza kuufungua mlango huo kidogo kidogo. Desemba 2023 majaribio ya bangi ya wakulima wenye leseni yalianza katika miji ya Breda na Tilburg, na kuanzia Aprili 2025 maduka katika manispaa 10 zinazoshiriki yalitakiwa kuuza bangi ya wakulima hao. Ujerumani ilichukua njia nyingine: tangu Aprili 1, 2024 mtu mzima anaruhusiwa miche mitatu nyumbani kwake. California imeruhusu miche sita kwa kila makazi tangu kura ya Novemba 2016, lakini mwenye nyumba ana haki ya kukataa isilimwe kwake. Hapo ndipo suala linapohama kutoka kwa polisi na kuingia kwenye mkataba wa pango. Miche mitatu inaweza kuwa halali, na bado ikawa sababu ya ugomvi kati ya mpangaji na mwenye nyumba kuhusu unyevu wa kuta, nyaya zilizozidiwa, na ankara inayogawanywa kwa wote.

Sasa turudi kwenye mita, maana ndipo penye kitendawili. Ungedhani mkulima wa kificho hukamatwa kwa sababu ankara yake ni kubwa. Wengi hawana ankara kubwa hata kidogo. Wanajua mita itawasema, hivyo wanavuta umeme kabla haujafika kwenye mita. Kwenye vitabu vya kampuni, nyumba yao inaonekana kama ya bibi kizee anayechemsha chai mara moja kwa siku. Kampuni za usambazaji za Uholanzi zililitambua hilo zamani, zikaanza kupima waya unaolisha mtaa mzima badala ya mita ya nyumba moja, zikitafuta mzigo unaowaka na kuzimika kwa saa 12 kamili, siku baada ya siku. Mwaka 2010 kadi 30,000 za kukwangua na kunusa ziligawiwa majumbani Rotterdam na The Hague ili wakazi waijue harufu ya mmea. Mwaka 2015 polisi wa Haarlem walitambua nyumba moja kwa sababu theluji iliyofunika mtaa mzima ilikuwa imeyeyuka juu ya paa hilo peke yake.

Matokeo yake ni kwamba mtumiaji mkubwa mwaminifu ndiye anayeonekana kirahisi zaidi kwenye kompyuta ya kampuni ya umeme. Mwizi haonekani pale. Na umeme wake hulipwa na wengine, kwa kuwa unaingia kwenye hesabu ya upotevu. Kenya, kwa mfano, upotevu wa umeme katika miaka ya karibuni umekuwa zaidi ya asilimia 20 ya unaonunuliwa, ukijumlisha unaopotea njiani kwenye nyaya na unaoibwa. Sehemu ya upotevu huo inaruhusiwa kuingizwa kwenye bei. Anayenunua tokeni kwa halali anamchangia asiyenunua.

Je, umeme mwingi au joto jingi linatosha kuvunja mlango wa mtu? Mahakama ya Juu ya Marekani ililijibu swali la karibu na hilo mwaka 2001, katika kesi ya Kyllo dhidi ya Marekani. Mwaka 1992 maofisa wa serikali katika mji wa Florence, jimbo la Oregon, waliielekeza kamera ya joto kwenye nyumba iliyokuwa sehemu ya jengo la makazi matatu yaliyoungana. Sehemu moja ya paa na ukuta mmoja vilikuwa na joto kuliko kwa majirani. Wakaambatanisha picha hiyo na ankara za umeme na maelezo ya watoa habari, wakapata hati ya upekuzi, na kweli wakakuta miche zaidi ya 100. Pamoja na hayo, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba kuchungulia ndani ya nyumba kwa chombo ambacho umma hauna kawaida ya kukitumia ni upekuzi, na unahitaji hati kabla. Ukuta wa nyumba ulishinda kamera. Ankara za umeme lakini hazikupata kinga hiyo. Zilibaki kuwa karatasi ambayo mpelelezi anaweza kuipata kutoka kwa kampuni. Nadhani wasomaji wengi hawajui kwamba rekodi ya tokeni zao nayo ipo mahali fulani, ikiwa na tarehe na saa.

Kwa upande wa mwenye nyumba, adhabu haziji kwa njia ya kesi ya dawa peke yake. Uholanzi, sheria ya dawa inampa meya mamlaka ya kuifunga nyumba kwa muda, na kufuli halibagui mpangaji na mmiliki. Umeme ulioibwa hukadiriwa kwa miezi ambayo miche inaaminika kuwa iliota, na deni humfuata mwenye mkataba wa umeme. Uingereza, kuvuta umeme kwa hila ni kosa chini ya Sheria ya Wizi ya 1968, na kifungo kinaweza kufika miaka mitano hata kama hakuna bangi iliyokutwa, kama ilivyokuwa Sandwell.

Kwetu bangi ni marufuku Kenya, Tanzania na Uganda, na Rwanda iliporuhusu mwaka 2021 uzalishaji kwa ajili ya tiba na kuuza nje, ilikuwa kwa leseni tu. Sheria ya Kenya ya 1994 na ile ya Tanzania ya 2015 hazimgusi mlimaji peke yake. Zinamfikia pia mmiliki au msimamizi anayeruhusu mahali pake patumike. Neno zito hapo ni "kuruhusu", na mtu aliyeona matumizi ya umeme yakipanda mara tano bila kuuliza atakuwa na kazi ya kueleza kwamba hakujua.

Katika miji ya mpakani, Sirari, Namanga, Busia, Malaba au Rusumo, hali ya kawaida ni mita moja inayolisha vyumba vinne au sita, na wapangaji kuchangishana kununua LUKU, Yaka au tokeni. Katika vyumba hivyo mna friji za samaki, saluni, mashine za kuchomelea na vinu. Kinu cha kusaga cha nguvu-farasi 10 kikifanya kazi saa nane kinakula karibu uniti 60. Taa kumi za wati 600 kwa saa 12 zinakula 72. Kwa jumla ya mwezi, mama mwenye kinu na mkulima wa ghorofani wanafanana. Wanatofautiana kwenye saa: kinu kinasimama mahindi yakiisha, siku ya gulio kinazidisha, Ijumaa au Jumapili kinapumzika. Taa haipumziki kwa miezi miwili.

Hivyo mwenye kinu ana faida ya kuwa na mita yake mwenyewe, na kuzitunza risiti za tokeni pamoja na daftari la wateja. Anayepangisha naye anafaa kuandika kwenye mkataba kazi itakayofanyika chumbani na mashine zitakazowashwa, na kumkataa mpangaji anayetaka kujifungia waya mwenyewe kutoka nguzoni, hata akilipa pango la mwaka mzima kwa mkupuo. Fundi wa kampuni ya umeme akifika, jina analolisoma ni lile lililoandikishwa na namba ya mita. Katika nyumba nyingi za kupanga, si ajabu jina hilo kuwa la mzee aliyeijenga miaka 20 iliyopita, ambaye wapangaji wa sasa hawajawahi kumwona.