Unajua Namba ya Saa, Hujui Bomu Lilianguka Wapi

Wapenda saa za zamani wana ugonjwa mmoja, na leo nitausema hata kama nusu yenu mtaniacha hapa. Wanajua kila kitu kuhusu saa ya kijeshi isipokuwa vita yake.

Nachukua mfano wa saa moja tu: Mark 11. Hii ilikuwa saa ya mkono ya jeshi la anga la Uingereza, RAF. Ilianza kufika vikosini mwishoni mwa miaka ya 1940 na ikakaa kazini hadi mwanzo wa miaka ya 1980. Ilitengenezwa Uswisi na viwanda viwili, IWC ya Schaffhausen na Jaeger-LeCoultre. Za Jaeger-LeCoultre ni chache zaidi, so ukisikia mtu anaitafuta, jua amejipanga na doo ya maana.

Ukiiona haitakushtua. Upana wake ni milimita 36, ndogo kuliko saa yoyote unayoona kwa mkono wa promota wa siku hizi. Uso mweusi, namba nyeupe, haina tarehe, haina dhahabu. Utamu uko ndani. Mashine imezungushiwa kasha la chuma laini ndiyo sumaku ya vyombo vya ndege isiivuruge. Ukivuta kile kifundo cha pembeni, mshale wa sekunde unasimama, ndiyo watu wote ndani ya ndege waweke saa zao sawa kabisa. Vile vijiti vya kushika mkanda having'oki, juu mkanda ukichomoka angani, saa imeenda. Na kabla ya kupewa mtu, ilipimwa na mafundi wa Royal Greenwich Observatory, ambao karakana yao ilikuwa Herstmonceux, kusini mwa Uingereza.

Ukali wote huo ulikuwa wa nini? Wa navigeta, yule jamaa ndani ya ndege ambaye kazi yake ni kujua mko wapi. Usiku, juu ya bahari ama jangwa, hakuna barabara ya kuangalia. Anapima nyota kwa chombo kinaitwa sekstanti, anaandika saa kamili, halafu anapiga hesabu. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Ukiifinya hiyo hesabu, kosa la sekunde 4 tu, ukiwa kwa ikweta, linakuweka maili moja ya baharini mbali na mahali ulipo. Karibu kilomita 2. Na ikweta, kama mwalimu wako wa jiografia hakukudanganya, inapita Nanyuki.

Sasa, heshima kwanza. Watu wanaochunguza hizi saa si wajinga. Wanageuza saa na kusoma mgongo wake. Kuna mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza, ile ile iliyopigwa kwa bunduki na hata kwa nguo za wafungwa. Kuna 6B/346: 6B ni kundi la vyombo vya ndege kwenye stoo ya RAF, na 346 ni namba ya aina hiyo ya saa. Halafu kuna namba ya saa yenyewe, mkwaju, na tarakimu mbili za mwaka. Ukiona 51, ni 1951. Ikiwa na G mbele, yaani G6B, hiyo ilikuwa ya jeshi la anga la Australia.

Usoni nako kuna kesi nyingine. Mwanzo namba ziling'aa gizani kwa rangi ya radiamu, ambayo inatoa mionzi. Mwanzo wa miaka ya 1960 wakaanza kuzibadilisha na kuweka tritiamu, na wakaandika T ndogo ndani ya duara. So ukiletewa saa ya 1951 yenye hiyo T usoni, na muuzaji anaapa haijawahi guswa, huyo anakupima akili. Saa yenyewe inaweza kuwa halali kabisa, lakini uso wake si ule ilizaliwa nao.

Hiyo ni kazi safi. Mimi niliacha chuo, lakini nikiona venye hawa watu wanabishania herufi moja wiki nzima, naona huo ndio utafiti. Huamini mdomo wa mtu. Unaamini alama, unaamini karatasi, unalinganisha moja na nyingine. Shida yangu ni mahali wanasimama. Wakishamaliza mgongo wa saa, wanafunga daftari.

Chukua hiyo 51 tena. Saa imegongwa 1951. Songa miaka miwili mbele. RAF iko wapi 1953? Iko sehemu nyingi, na moja ni Eastleigh. Ndiyo, Eastleigh yetu. Ule uwanja wa jeshi, leo unaitwa Moi Air Base, wakati huo ulikuwa RAF Eastleigh.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mwaka uliofuata, ndege ndogo za Harvard zikaanza kudondosha mabomu ya kilo 9 kwa misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Novemba 1953 zikaja Lincoln, ndege za injini nne, ndugu wadogo wa zile Lancaster zilizochoma miji ya Ujerumani. Hizo zilibeba mabomu ya hadi kilo 450 kila moja. Vikosi vya Lincoln vilipokezana kutoka Uingereza hadi 1955. Misitu yenyewe ilitangazwa eneo marufuku: ukipatikana ndani, unapigwa risasi bila kuulizwa jina. Ndege zingine zilizunguka na vipaza sauti na kumwaga vijikaratasi, zikiwaambia watu watoke wajisalimishe.

Lincoln ilikuwa na navigeta ndani. Na saa ya navigeta wa RAF miaka hiyo ilikuwa Mark 11.

Sisemi kila Mark 11 ilipita Nairobi. Nyingi zilienda kwingine, na mgongo wa saa hauandiki safari. Nasema hivi: mtu akiniambia amechunguza historia ya saa ya kijeshi ya Uingereza ya 1951, na jina Kenya halimo hata mara moja, na Malaya halimo, ambako Lincoln pia zilikuwa zinapiga misitu miaka hiyo hiyo, huyo hajachunguza historia. Amechunguza chuma.

Najua jibu mtakuja nalo. Ati saa haina hatia, ni chombo tu, kazi yake ni kusema ni saa ngapi. Sawa. Basi punguza bei. Hiyo saa haiuzwi maelfu ya pauni kwa sababu inasema ni saa ngapi. Simu yako inasema vizuri zaidi, na ulikopa. Inauzwa hivyo kwa sababu ilikuwa jeshini, juu mnunuzi anataka kuhisi vita kwa mkono wake bila kusikia mlio. Huwezi kuweka vita kwenye bei, halafu tukiuliza kuhusu watu wa hiyo vita useme saa ni chombo tu.

Jibu la pili ni kwamba haiwezekani kujua. Pia hiyo siinunui. Vikosi vya RAF viliandika daftari za shughuli zao, na za skwodroni ziko pale National Archives ya Uingereza, Kew, kwenye kundi linaitwa AIR 27. Kila navigeta alikuwa na kitabu chake cha safari. Wapenda saa wanajua hivyo vitabu, juu saa ikiuzwa pamoja na kitabu cha mwenyewe bei inapanda. So kitabu kikiongeza pesa kinasomwa. Kikitaja msitu wa Nyandarua, kinakuwa mambo ya siasa. Kwani?

Sasa tuje kwa karatasi zetu, na hapa ndipo uchungu uko. Kenya ikielekea uhuru 1963, karibu faili 1,500 za serikali ya kikoloni zilipakiwa zikapelekwa Uingereza. Zingine zilichomwa huku huku. Zile zilizofichwa zilikaa kimya hadi 2011. Wazee wetu, wakiwemo Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara, Paulo Nzili na Ndiku Mutua, walikuwa wameishtaki serikali ya Uingereza kule London kwa mateso waliyopitia kizuizini. Hiyo kesi ndiyo ililazimisha serikali kukubali kwamba faili za makoloni ziko, zimerundikwa mahali panaitwa Hanslope Park. Juni 2013 William Hague akasimama bungeni akasema serikali yake inajuta, na wakakubali malipo ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa watu 5,228.

Soma hiyo tena polepole. Wazee na wamama walihitaji karatasi ndiyo waaminiwe kuhusu makovu yaliyo kwa miili yao wenyewe. Saa ya navigeta haijawahi kupelekwa mahakamani. Ina namba, ina mwaka, ina stoo, ina fundi aliyeipima. Watu waliokuwa chini ya zile ndege walipewa namba na nani?

Na tusiwaachie Waingereza lawama yote. Ile marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau tuliiacha hai hadi 2003. Miaka 40 ya uhuru wetu, bendera yetu, mabunge yetu, na wapiganaji bado ni kikundi haramu kwa sheria! Mnara wa kumbukumbu ya walioteswa ulifunguliwa pale Uhuru Park 2015, na pesa zake zilitoka Uingereza. Hata kukumbuka watu wetu tulilipiwa.

Sisi vijana nasi? "Tukutane Archives." Umesema hivyo mara ngapi? Umesimama pale nje, Moi Avenue, ukingoja mtu anayeapa ako karibu na bado anaoga. Jengo lililo nyuma yako ni Nyaraka za Taifa. Ndani kuna karatasi za hii nchi. Sisi tumeligeuza kuwa steji. Halafu tukirudi kwa simu tunatazama video ya dakika 40 ya jamaa wa Ulaya akieleza mshale wa saa, na tunasema wow, huyu amefanya utafiti.

Mimi sitaki tuache kupenda saa. Nataka tuibe mbinu yao. Ile subira wanaipa chuma, tuipe watu.

Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka wa 1953 sasa amepita 80. Huyo ni cucu ama guka wa mtu anayesoma hii. Krismasi ukienda ushago, beba simu yenye chaji, umsalimie vizuri, umwombe ruhusa kwanza, halafu uulize kama mchunguzi wa saa. Usianze na swali kubwa la uhuru. Anza na alama ndogo. Mlikuwa mnaishi wapi? Ilikuwa kabla watu hawajahamishwa kwenda kwa vile vijiji vilivyozungushiwa mitaro, ama baada? Ndege ulisikia usiku ama mchana? Ilikuwa ndogo ama kubwa? Harvard ina injini moja na ilijulikana kwa kelele yake kali. Lincoln ina nne. Mtu aliyesikia anaweza kukumbuka tofauti hata kama hakuwahi kujua majina.

Usimjazie maneno. Ukimwambia, "Ilikuwa Lincoln, sivyo?" umeshambadilishia uso wa saa, na hakuna T itakayoonyesha. Rekodi sauti yake ikiwa nzima, usikate, usiweke muziki. Andika tarehe, mahali, na jina kama amekubali. Halafu muulize jirani wake wa umri huo maswali yale yale, uone wapi wanakubaliana na wapi wanapishana. Wakipishana usichague ile tamu. Weka zote mbili. Akikataa kuongea, pia hiyo uheshimu. Kuna watu walinyamaza miaka 70 kwa sababu, na wewe na simu yako si sababu ya kutosha ya kuwafungua.

Na wewe unayeuza ama kukusanya hizi saa, sikuombi urudishe chochote. Nakuomba uandike yote. Ukiweka maelezo ya Mark 11 ya 1951, baada ya kumaliza chuma laini, mshale mpana na ile T, ongeza mistari mitatu: miaka hiyo RAF ilikuwa wapi, ilikuwa inafanya nini, na nani alikuwa chini. Ni mistari mitatu tu. Ukiona itaharibu bei, basi umenijibu ulikuwa unauza nini.

Hadi hapo, usiniambie hiyo saa ina historia kamili. Ina nusu. Nusu ile nyingine iko Nyeri, Murang'a, Embu na Meru, imezeeka, na hakuna mtu ameiuliza.