Msiwaue Vyura kwa Jina la Mbwa

Masika yakikolea, kuna chumvi inayonunuliwa Dar es Salaam ambayo haifiki kwenye sufuria. Mwenye nyumba anamwona chura chini ya taa ya kibarazani, anamkumbuka mbwa wake wa ulinzi, anamtuma mtoto dukani kwa Mangi, na pakiti nzima inamwagwa mgongoni mwa chura. Asubuhi mzoga unafagiliwa pamoja na majani makavu, na nyumba nzima inaamini kwamba mbwa ameokolewa.

Hajaokolewa. Imani kwamba chura na mbwa hawakai ua mmoja, kwamba mmoja lazima afe ili mwingine apone, imeshika Goba, Madale, Kigamboni na kote watu wanakojenga pembezoni mwa mabonde na kufuga mbwa wa kulinda. Inarithiwa bila kuhojiwa. Naipinga kwa sababu inaua kiumbe mwenye faida, inaharibu udongo, na inampa mfugaji utulivu asioustahili wakati vitu vinavyoua mbwa kweli viko palepale uani.

Nianze na lililo kweli, maana imani hii haikuzuka hewani. Chura mnene wa bustanini, yule wa rangi ya udongo mwenye vinundu mwili mzima, anayekoroma usiku kwenye mitaro, ana sumu. Mwangalie akiwa ametulia. Nyuma ya kila jicho ana uvimbe mrefu uliolala kuelekea begani. Hiyo ni tezi, na ikibanwa hutoa utomvu mweupe, mzito, mchungu kupita kiasi. Ndani ya utomvu huo mna kemikali zinazougusa moyo na neva. Hakuna haja ya kulificha hilo wala kulipunguza.

Lakini mwangalie pia kwa kile asichokuwa nacho. Hana meno. Hana mwiba. Hamfukuzi mtu, hamvizii mbwa, haingii bandani kumtafuta. Sumu yake haimfikii mbwa mpaka mbwa mwenyewe amfuate, amlambe au ambane kinywani. Ni silaha ya kujihami tu, na kwa hiyo swali la kujiuliza ni mbwa wako anafanya nini usiku, nani anamwangalia, na amefundishwa nini. Hapo ndipo wafugaji wengi hawapendi kuulizwa.

Mbwa akimbana chura, kinachofuata kinatisha kukitazama. Kwa kawaida anamtema hapohapo. Anatikisa kichwa, anasugua mdomo kwenye majani, anajikuna kwa miguu ya mbele, na povu linaanza kumtoka mpaka linadondoka chini. Fizi zinaiva wekundu. Kwa vyura wetu wa bustanini mara nyingi mambo huishia hapo, hasa mdomo ukisafishwa mapema. Mara chache, hasa kwa mtoto wa mbwa, kwa mbwa wa umbo dogo, au kwa yule aliyemtafuna chura na kummeza, hali huwa nzito: kutetemeka, kuyumba, degedege, mapigo ya moyo kuvurugika. Huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo bila kusubiri asubuhi.

Cha kufanya nyumbani kinajulikana, na kinashangaza jinsi kisivyofundishwa. Mwinamishe mbwa kichwa kitazame chini. Chukua bomba la maji yanayotiririka taratibu, yaingie upande mmoja wa mdomo na kutokea mbele, yasielekee kooni wala puani. Futa fizi na ulimi kwa kitambaa kilicholowa, suuza kitambaa, futa tena. Endelea kwa dakika tano hadi kumi. Maziwa, ambayo kwetu hupewa kila aliyekula sumu, si dawa ya sumu hii. Chumvi ya kumtapisha ndiyo usiiguse kabisa, kwa kuwa chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Kama ana degedege au amepoteza fahamu, usimtie maji mdomoni. Mbebe uende.

Lipo jambo lingine hapa linaloniumiza. Povu hilohilo la chura limewafanya watu wapige kelele za kichaa cha mbwa na kumpiga mnyama mpaka afe, kumbe angepona kwa ndoo moja ya maji. Tahadhari yenyewe si mbaya, kwa sababu kichaa kipo na kinaua watu. Ndiyo maana mbwa aliyechanjwa, mwenye kadi yake, ana nafasi ya kupona ambayo mwenzake hana. Kama mbwa hajachanjwa na hukumwona akiwa na chura, usitie mkono kinywani mwake. Jitenge, mfungie, mwite daktari. Tofauti kati ya msaada na msiba hapo ni chanjo, na chura hahusiki.

Hofu yenyewe, kwa sehemu kubwa, tumeiagiza nje. Video zinazozunguka kwenye simu za mbwa waliokufa kwa sumu ya chura zinatoka Australia, Florida na jangwa la Arizona. Australia walimleta chura mkubwa wa Amerika mwaka 1935, wakamwachia kwenye mashamba ya miwa ya Queensland ale mbawakavu, naye akaenea kaskazini yote ya nchi. Ni mkubwa, sumu yake ni nyingi, na kule ni mgeni ambaye wanyama wa huko hawakumjua. Anawaua mbwa kweli. Arizona wana chura wao mwingine mwenye sumu kali ya namna hiyo. Hao wote wawili hawapo kwetu. Wa kwetu ni mwenyeji, ameishi na mbweha, na paka mwitu, na mbwa wa vijijini tangu zamani, na kila mmoja anamjua mwenzake. Hata yeye akihamishwa anakuwa tatizo: alipelekwa Morisi mwaka 1922, kwa sababu hiyohiyo ya wadudu wa miwa, na mpaka leo ni kero kisiwani. Anayeua chura mgeni huko ugenini ana hoja. Anayeua chura mwenyeji Madale ameazima hoja ya watu wengine.

Na chumvi haichagui. Pamoja na huyo mnene wa vinundu, wanakufa vyura wembamba wa majani ya mgomba, wadogo kama ncha ya kidole gumba, ambao hawana madhara yoyote ya maana kwa mbwa. Wanakufa wale wanaotengeneza viota vya povu jeupe kwenye matawi juu ya madimbwi. Yuko mmoja wa Pwani mweusi mwenye mistari miwili myekundu mgongoni, ambaye ngozi yake ina sumu kali na hafai kushikwa kwa mkono mtupu. Huyo mfahamu kwa rangi zake, umwepuke, uwafundishe na watoto. Kumjua mmoja hakukupi ruhusa ya kuwamaliza ishirini.

Sasa tuitazame hiyo chumvi yenyewe, kwa sababu wanaoimwaga hawakai kuona inachofanya. Chura hanywi maji kwa mdomo. Huyavuta kwa ngozi, hasa ya tumboni na mapajani, ndiyo maana unamkuta ameketi katikati ya bakuli la mbwa usiku wa kiangazi: yuko kwenye kunywa. Ngozi hiyo inayoingiza maji haina kizuizi dhidi ya chumvi. Maji yanamtoka mwilini, anajikunja, anajisukuma kwa miguu ya nyuma bila kufika popote, na anachukua muda kufa. Wakati wote huo tezi zake zinafanya kazi ziliyoumbiwa, zinatoa utomvu. Halafu mbwa anakuja kunusa kinachojisokota pale chini. Umechukua chura aliyekuwa anaondoka zake, ukamfunika sumu yake mwenyewe na kumwacha palepale mbwa atakapompata bila shida.

Hata akifa, sumu haifi naye. Chura mkavu aliyekaa jalalani bado anayo. Kwa hiyo aliyefagia mzoga akautupa kwenye shimo la taka nyuma ya banda hajaondoa chochote. Ameuhamisha tu, na mbwa wanajua kufukua.

Wako wanaomwaga oili chafu kuzunguka ukuta. Wengine wanaweka sumu ya panya kwenye pembe za ua, kwa kuwa wanadhani itafanya kazi zote mbili. Sumu hiyo inapitishwa mitaani kila siku na vijana wenye vipaza sauti, panya, mende, kunguni, viroboto, pakiti kwa bei ya andazi, mara nyingi bila maelezo yoyote ya kilichomo wala cha kufanya mtu au mnyama akiila. Mbwa anakula chambo chenyewe au anamla panya aliyekula chambo. Kuna aina zinazomfanya atokwe damu kwa ndani siku kadhaa baadaye, mwenye nyumba akiwa ameshasahau aliweka wapi. Ukiniuliza kati ya chura na kile kipakiti ni kipi nikiogope uani mwenye mbwa, sina haja ya kufikiri.

Watetezi wa mauaji haya wakishindwa kwenye mbwa hukimbilia kwenye nyoka. Chura huleta nyoka, wanasema. Ni kweli wapo nyoka wanaokula vyura, na fira ni mmoja wao. Lakini fira huyohuyo anakula panya, anakula mijusi, anakula mayai na vifaranga, na anataka mahali pa kujificha. Nenda uani kwa huyo anayelalamika ukahesabu: matofali yaliyobaki ya ujenzi, mbao zilizolala chini, mabati, majani marefu nyuma ya tangi, pumba za kuku, na chakula cha mbwa kilichomwagika usiku kucha kikilisha panya. Ua wa namna hiyo utakuwa na nyoka hata chura wa mwisho akishakufa. Habari za mkojo wa chura kuotesha chunjua sizijadili kwa kirefu. Chunjua zinatokana na kirusi cha binadamu, basi. Na kwa walio Waislamu, ambao ndio wengi Pwani, ipo hadithi iliyopokewa na Abu Dawud ya tabibu aliyetaka kumfanya chura dawa na Mtume akakataza kumuua. Kama hata tabibu mwenye haja alikatazwa, sisi tunaomwaga chumvi kwa kujifurahisha na hofu tunajibu nini?

Faida yake sitaikuza. Chura wa bustani hamalizi mbu, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Kazi yake iko chini, ardhini: mchwa, mbawakavu, viwavi wanaokata mche wa nyanya usiku, konokono wachanga, panzi. Anaifanya kila usiku wa mvua bila dawa ya kunyunyizia, na dawa hiyo isiyonyunyiziwa ni sumu nyingine ambayo mbwa hatailamba kwenye majani. Nchi hii imeshaonja gharama ya kupoteza vyura. Wale wa bonde la Mto Kihansi, waliokuwa wakiishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, walitangazwa mwaka 2009 kuwa wametoweka porini, na ikabidi kizazi kilichotunzwa Marekani kirudishwe bondeni kuanzia 2012. Huyu wa kwetu uani hajafika huko. Ni wa kawaida, na kwa sababu ni wa kawaida hakuna atakayemtetea isipokuwa mwenye ua.

Kuishi nao wote wawili hakuhitaji fedha. Lisha mbwa kabla ya jua kuzama, uondoe sahani. Makombo huita wadudu, na wadudu humwita chura. Bakuli la maji liinue juu ya tofali mbili au liingize ndani, na asubuhi mwaga maji yaliyolala, osha, weka mapya. Taa ya kibarazani inayowaka mpaka alfajiri ndiyo meza ya chakula ya chura: izime, au ihamishie upande ambao mbwa hafiki. Fyeka majani karibu na banda. Mbwa mdogo asiachiwe peke yake gizani usiku wa mvua. Mtoe kwa kamba, dakika chache, umrudishe. Na mfundishe neno moja la kuacha, “acha”, kwa kipande cha nyama na subira, mchana, kabla hajakutana na kitu cha kuacha. Mbwa wengi wakishaonja chura mara moja hawarudii. Wachache hurudia kwa ukaidi, na hao ndio wa kufungwa kamba usiku wa masika wote.

Chura akiwa ameshaingia, mchukue kwa mfuko wa plastiki au koleo, mpeleke nje ya ukuta kwenye majani, nawa mikono. Hiyo ndiyo kazi yote. Atakuja mwingine, kwa sababu mvua bado inanyesha, naye utamtoa vilevile.

Mbwa wa nchi hii wanakufa kwa homa za kupe, kwa virusi vya parvo wakiwa wachanga, kwa kichaa, kwa sumu zilizotegwa na kwa magari. Hayo ndiyo yanayojaza kliniki za mifugo. Kama mbwa wako hajaogeshwa dawa ya kupe mwezi huu na kadi yake ya chanjo hujui iko wapi, rudisha chumvi jikoni na uanzie huko.