Sheria Hizi Hazikupitwa na Wakati

Lipo neno la Kiingereza ambalo mawakili na wanasiasa wetu hulipenda mno wanapozizungumzia sheria za mkoloni: «obsolete». Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kitu kilichochakaa hata kikaachwa kutumiwa. Nasi tumezoea kulifasiri «kilichopitwa na wakati», tafsiri ambayo imelisahau jambo lililo kuu, yaani kuachwa.

Rupia imepitwa na wakati. Ilianza kuondolewa mwaka 1920, ikafuatwa na florini, kisha shilingi. Leo hakuna mwananchi aendaye sokoni nayo. Je, Sheria ya Mamlaka ya Machifu ya 1937 ilikuwa kama rupia? La hasha! Ilimpa chifu uwezo wa kudhibiti nyendo za watu na kuwalazimisha kufanya kazi, hadi ilipopunguzwa makali mwaka 1997. Vivyo hivyo sheria ya 1950 ihusuyo mikutano ya hadhara. Kenneth Matiba na Charles Rubia walipoitisha mkutano wa Kamukunji, Julai 1990, serikali ya chama kimoja ilikataa kutoa kibali. Tarehe 4 mwezi huo wakatiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Shoka linolewalo kila asubuhi haliitwi kikuukuu.

Ndugu wananchi, neno hili huwaondolea lawama walioishika mipini. Dhuluma hugeuka kuwa kosa la kalenda, kana kwamba hakuna aliyetia sahihi wala aliyetuma askari. (Huenda ndiyo sababu lilipendwa: kuilaumu kalenda hakukumpeleka mtu kizuizini.) Sheria kandamizi iitwe kandamizi.

Wapo walioamini kwamba kifungu cha 77 cha Kanuni ya Adhabu, kihusucho uchochezi, kimelala usingizi wa milele. Mwaka 2023 kilitumiwa kumshtaki raia kwa maneno aliyoyaandika mtandaoni, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kinakiuka Katiba. Ile sheria ya 1950 nayo ingali vitabuni. Tangu 1997 haidai kibali tena bali taarifa tu kwa polisi, siku 3 hadi 14 kabla ya mkutano, ilhali maofisa wengi huipokea taarifa hiyo kama ombi wanaloweza kulikataa. Mbunge atakayeleta mswada wa kuifuta asituambie ina umri gani. Atueleze ni nani aitumiaye, na dhidi ya nani.