Kidonda cha mtu si zoezi la warsha

Leo naweka kando mambo ya programu, ingawa mtaona sijaenda mbali sana.

Juzi ofisini kwetu kulikuwa na warsha ya ujumuishaji. Tuna watu kutoka karibu kila pembe ya Kenya, na hilo ni jambo jema. Mwendeshaji alituketisha kwa duara, akataka kila mmoja asimulie jinsi ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilivyomgusa. Mimi nilikuwa darasa la nne na kwetu hakukuchomwa kitu, kwa hiyo nilimaliza kwa dakika moja. Mwenzangu aliyekulia Bonde la Ufa alinyamaza. Akahimizwa. Akaanza, sauti ikamkatika, akatoka nje. Sisi tukaendelea na slaidi iliyofuata. Kesho yake hakuja kazini.

Ghasia zile ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwang'oa mamia ya maelfu makwao. Watoto wa wakati ule ndio wafanyakazi wa leo. Katika ofisi moja anaweza kuketi mtu ambaye familia yake ilikimbia, karibu na mtu ambaye majirani zake ndio waliokuwa wakifukuza. Warsha kama ile hudhani kwamba kusema tu ndiko kupona.

Mwaka 2014 SAMHSA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya akili, ilitoa mwongozo kuhusu watu waliopatwa na kiwewe. Una misingi sita, na wa kwanza ni usalama. Mwingine ni kumpa mtu sauti na hiari. Kulazimishwa kusimulia mbele ya bosi wako kunavunja yote mawili.

Najua kuna atakayesema kwamba tukinyamaza ukabila utazidi. Ni kweli. Lakini kumbukeni Ushahidi, mradi ulioanzishwa hapa kwetu Januari 2008. Watu walituma taarifa za ghasia kwa tovuti na kwa ujumbe wa simu. Aliyetaka kusema alipewa njia, na hakuna aliyeitwa kwenye duara.

Sisi waandishi wa programu hatupeleki kitu kipya kwa wateja bila kukijaribu na bila njia ya kurudi nyuma. Mbona kwa moyo wa mtu tunakurupuka? Ratiba itangazwe mapema. Kusimulia kuwe kwa hiari, bila wakubwa chumbani, na mshauri nasaha awepo. Tena tuanze na yaliyo mikononi mwetu: nani hupandishwa cheo, nani hukatizwa akiongea, na kwa nini mkutano hugeuka ghafla kuwa wa lugha ya mama ya watu watatu.

Mwenzangu alirudi Jumatatu. Sikumuuliza kitu. Nilimletea chai, tukaendelea na kazi tuliyoiacha. Siku akitaka kuongea, nipo.

Je, kazini kwenu mambo haya huendeshwaje? Nielezeni.