Bendera Hufuata Upepo, Hizi Hufuata Fedha

Ndugu yangu mbeba boksi, nimechoka kukubembeleza. Amka!

Kila baridi ya Marekani ikianza kuuma, bango linatua kwenye kundi letu la WhatsApp. Meli nyeupe, bahari ya buluu, usiku 7, bei chini ya dola 500 kwa mtu. "Nani yumo?" Mara moja vidole gumba vinamiminika. Mtu anayetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee na kuunganisha ya mchana ghalani, mtu ambaye hata mgongo wake unamlaani, anatoa kadi ya benki bila kuuliza swali hata moja.

Kuku wa sokoni unamgeuza, unampuliza manyoya, unamtazama macho. Meli utakamowaweka mkeo na watoto wako katikati ya bahari, huulizi chochote?

Sikusemi kwa kupumzika. Pumzika, umetoa jasho. Nakusema kwa kulala.

Hebu twende kwenye tezi, nyuma kabisa ya meli, mahali ambapo wapiga picha wa matangazo hawaelekezi kamera. Pale pana bendera. Nikuulize: ni ya nani?

Chukua ile meli iliyotikisa dunia Januari 2024, Icon of the Seas. Imeundwa Turku, Finland. Inang'oa nanga Miami. Inabeba mpaka abiria 7,600 na mabaharia 2,350, mji mdogo mzima unaoelea. Makao makuu ya kampuni yake, Royal Caribbean, yako Miami. Lakini karatasi za kampuni zimeandikishwa Liberia. Na pale kwenye tezi inapepea bendera ya Bahamas.

Finland, Florida, Liberia, Bahamas. Meli moja! Ukiwa na shauri nao utaanzia mlango gani?

Usidhani ni hao peke yao. Carnival, mkubwa wao wote, naye ofisi zake ziko Miami, lakini kwa miaka mingi alikuwa ameandikishwa Panama. Norwegian yuko Miami pia, karatasi zake ziko Bermuda. Je, Wapanama ndio waliochanga mtaji? Wabermuda ndio wanaojaza vyumba? Abiria wengi ni Wamarekani, na wewe umo katikati yao na kofia yako ya majani.

Wahenga walisema bendera hufuata upepo. Hizi hufuata fedha. Panapotozwa kodi kidogo, ndipo zinapoelekea. Sheria ya kodi ya Marekani husamehe mapato ya meli za kimataifa za kampuni zilizoandikishwa nchi zinazorudisha hisani hiyo. Wewe unakatwa kodi kabla mshahara haujagusa akaunti. Wao wanapakia abiria Florida, wanahesabu faida Florida, na kwa mtoza kodi wao ni wageni kutoka Liberia.

Na wewe unapiga picha ya machweo.

Kodi ni mwanzo tu. Tuje kwenye bili, maana najua iliwahi kukuuma ukanyamaza kwa aibu.

Ninayo yangu hapa mezani. Nauli nililipa miezi kabla ya safari, hii ni nyingine, ile ya usiku wa mwisho. Bakshishi ya moja kwa moja, kila kichwa, kila siku. Bando la intaneti. Picha tuliyopigwa tukishuka gatini, kabla hata jasho halijakauka. Chupa ya maji. Soda ya mtoto, na juu ya soda asilimia 18 ya huduma. Ukishuka chini ya karatasi hakuna mstari mmoja wa kushtua. Ni vipande vidogo vidogo. Bandu bandu huisha gogo, na gogo ni wewe.

Piga hesabu nami. Bakshishi ya moja kwa moja katika meli kubwa zinazotoka Marekani, kwa chumba cha kawaida, imekuwa kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku, na mtoto wa chekechea anahesabiwa mtu. Shika dola 18. Familia ya watu 4, usiku 7: dola 504. Hiyo ni nauli ya mtu wa tano ambaye hamkumpakia!

Kuna kampuni ambazo mtu mzima mmoja chumbani akinunua kifurushi cha pombe, mtu mzima mwenziwe wa chumba hicho naye sharti anunue. Hata kama ni mama wa swala tano ambaye pombe hajapata kuionja.

Utaniambia, "Si kitu, bakshishi inawaendea wafanyakazi." Ahsante. Hapo ndipo nilipotaka tufike. Kwa nini mshahara wa mfanyakazi ukamilishwe na mfuko wa mbeba boksi?

Mhudumu wa chumba chetu alikuwa Mjava, kijana mpole. Alfajiri nikitoka kwenda kutafuta chai, namkuta kwenye korido na toroli lake la mashuka. Saa nne usiku tukirudi, namkuta korido ile ile, amepiga goti moja, anakunja taulo liwe tembo ili watoto wangu wacheke. Nilimuuliza siku yake ya mapumziko ni ipi. Akacheka, akaendelea kumkunja tembo mkonga.

Unajua kwa nini alicheka? Ndugu, rudi kwenye bendera. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unaipa nchi ya bendera hiari: iweke kikomo cha saa za kazi, ambacho ni saa 72 kwa wiki, au iweke kima cha chini cha mapumziko, ambacho ni saa 77. Wiki ina saa 168. Toa 77. Zinabaki 91. Saa 91 za kazi kwa wiki, kihalali kabisa, na mhuri juu!

Wewe ukizidisha 40 unadai ovataimu, tena unadai kwa sauti. Halafu unapanda meli ya saa 91 na kulalamika kwamba mayai yamechelewa.

Huyo ni wewe mwenyewe kwa sare nyingine. Ametoka mbali kama wewe. Anatuma hela nyumbani kama wewe. Ana mtoto anayemjua kwa simu, kama wengi wetu. Kama kuna abiria aliyepaswa kumwona, ni mbeba boksi. Nasi ndio tunaompigia vidole atuongezee barafu.

Sasa tuje kwenye siku ya balaa, maana wewe unaamini bendera ni kitambaa tu.

Februari 2013, meli ya Carnival Triumph ilishika moto kwenye chumba cha injini katika Ghuba ya Meksiko. Watu zaidi ya 4,000 walikaa siku kadhaa bila umeme wa kutosha na bila vyoo vinavyofanya kazi. Maji machafu yalitiririka kwenye korido, watu wakaburuta magodoro hadi sitahani wapate hewa, wakapanga foleni ya saa nyingi kwa ajili ya chakula. Meli ilikuwa imetoka Texas na ikaburutwa hadi Alabama. Abiria wake wengi walikuwa Wamarekani. Na nani aliongoza uchunguzi? Bahamas, kwa sababu ya kile kitambaa. Walinzi wa pwani wa Marekani wakawa washiriki tu.

Kampuni ikarudisha nauli, ikaongeza dola 500 kwa kila abiria, na mambo yakaendelea.

"Nitawashtaki!" Utawashtaki wapi? Ule mkataba wa tiketi ulioubonyeza "nakubali" bila kuusoma umeshachagua mahakama. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Carnival na Bibi Shute, mkazi wa jimbo la Washington, aliyeteleza na kuumia ndani ya meli karibu na Meksiko. Alitaka kesi isikilizwe kwao. Tiketi ilisema Florida. Mahakama ikasema: tiketi imeshasema, nenda Florida. Kona moja ya nchi hadi nyingine, kwa maandishi madogo ambayo hakuna abiria anayeyasoma. Mikataba mingi pia hukupa mwaka mmoja tu wa kufungua kesi ya majeraha. Wewe bado unauguza nyonga, saa inakimbia.

Na wewe mwenye green card, sogea karibu. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa abiria wa meli hizi: makosa makubwa yaripotiwe FBI, kingo za sitaha ziwe na kimo maalumu, milango iwe na tundu la kuchungulia. Sheria nzuri. Lakini soma vizuri: nje ya maji ya Marekani, inamzungumzia zaidi raia wa Marekani, akiwa ametendewa au ametenda. Green card si uraia. Pasipoti yako ya Kenya au ya Tanzania, huko bahari kuu, juu ya sitaha ya Bahamas, ina mtetezi gani? Ulishawahi kujiuliza? Wala hukuwazia!

Wahenga wa pwani walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi tushuke ngamani, kule yanakokusanyika maji ya mafuta.

Meli ya Caribbean Princess, bendera yake Bermuda, ilikuwa na bomba ambalo mabaharia waliliita la uchawi. Lilipita kando ya mashine ya kuchuja na kumwaga taka za mafuta moja kwa moja baharini. Uchafu huo ulianza 2005. Ukafichuka 2013 pwani ya Uingereza. Na aliyeufichua hakutoka ofisi yoyote ya bendera. Alikuwa mhandisi mgeni kazini, aliyeona, akashuka Southampton, akaacha kazi, akasema. Mtu mmoja mwenye dhamiri! Mwaka 2016 kampuni ikakubali makosa na faini ya dola milioni 40.

Wakajirekebisha? Mwaka 2019, wakiwa bado chini ya uangalizi wa mahakama, kampuni mama, Carnival, ilikiri makosa mapya, likiwemo la kumwaga plastiki iliyochanganyika na mabaki ya chakula katika maji ya Bahamas. Ya Bahamas, ndugu yangu! Nchi inayokodisha bendera yake ndiyo inayotupiwa taka.

Na usikunje uso ukidhani hiyo ni aibu ya Wabahama peke yao. Kikulacho ki nguoni mwako. Bendera yetu, ile ya kijani, njano, nyeusi na buluu, nayo imeshakodishwa. Mwaka 2012 meli za mafuta za Iran, zikikwepa vikwazo, zilikutwa zikipeperusha bendera ya Tanzania, zimesajiliwa kupitia Zanzibar na wakala wa Dubai. Zikafutwa baada ya makelele ya dunia. Januari 2018 Rais Magufuli akaamuru usajili wa meli za kigeni usimamishwe na meli zaidi ya 400 zichunguzwe, baada ya meli zenye bendera yetu kukamatwa na dawa za kulevya na silaha. Ngapi kati ya meli hizo ziliwahi hata kuiona Forodhani ya Zanzibar? Kwa hiyo usiniambie hujui biashara hii. Tumeifanya, na ilitutia aibu.

Najua jibu lako. "Hakuna njia nyingine, ndivyo meli zilivyo." Uongo. Iko Pride of America, inayozunguka visiwa vya Hawaii. Bendera yake ni ya Marekani. Sheria za kazi ni za Marekani. Kodi ni za Marekani. Na inaelea! Haijazama kwa uzito wa mishahara. Nauli yake hupanda juu ya nyingine, ni kweli, na hapo ndipo utajua ile bei ya bango ilipunguzwa kutoka mfuko wa nani. Mnyonge ndiye aliyekulipia tofauti, na wewe ukaiita ofa.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuache kusafiri kama wapweke. Kundi letu la WhatsApp linajaza vyumba 30 kwa safari moja. Vyumba 30 ni sauti. Kabla hatujachanga hata senti, wakala atujibu kwa maandishi: bendera ya nani, jumla ya gharama zote ni kiasi gani, mahakama ipi, siku ngapi za kudai, wahudumu wanapumzika lini. Akijiumauma, tunahamia kwingine, na tunamwambia sababu.

Pili, mkataba wa tiketi usomwe. Wote. Kwa sauti, kwenye kikao, kama tunavyosoma katiba ya chama cha kuzikana.

Tatu, waliopata uraia, mna kura. Mbunge wenu aulizwe kwa nini kampuni yenye makao Miami inahesabiwa Mliberia siku ya kodi. Mtu akija kuomba kura kwenye misikiti na makanisa yetu, swali hilo limkute mlangoni.

Bango la msimu ujao liko njiani, na najua kuna wanaosubiri nimalize ili waweke dole gumba. Wahenga walionya: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Mimi nimekuamsha, na sina mpango wa kulala. Bango likitua, swali langu litakuwa la kwanza chini yake, na litarudiwa mpaka lijibiwe: bendera ya nani?