Nzi wa Pindo, Nzi wa Pembe: Kiswahili Mbele ya Bawa Lenye Michoro

Katika fasihi ya Kiswahili, simulizi na andishi, nzi amepewa kazi moja tu: kutua juu ya kidonda. Methali zimemweka hapo, na watunzi wengi wamemwacha papo hapo, awe ishara ya uchafu, uozo na ulafi. Si ajabu basi iwapo mkulima wa Kericho au Bomet, akiambiwa barazani kwamba maparachichi yake yameharibiwa na nzi, atafikiria choo, jalala na zizi la ng'ombe. Atafagia, atafukia taka, pengine atanunua dawa ya kupuliza nyumbani. Maparachichi nayo yataendelea kudondoka yakiwa na mabuu ndani.

Makala haya yanashikilia kwamba kosa hilo si la mkulima bali ni la jina. "Nzi wa matunda" ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, na Kiswahili kimeipokea pamoja na kasoro yake, kwa maana Kiingereza chenyewe hulitumia jina hilo kwa wadudu wa koo mbili tofauti. Wa kwanza ni kile kidudu chenye macho mekundu kinachozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi, ambacho wanafunzi wa biolojia hukifahamu kutokana na masomo ya urithi. Mabawa yake hayana mchoro, na aghalabu hufuata tunda lililokwisha kuchacha. Wa pili ni wa ukoo ambao wanasayansi huuita Tephritidae, na huyu ndiye wa kuogopwa. Jike lake lina mrija mgumu wa kutagia mayai mwishoni mwa fumbatio, nalo hutoboa tunda zima likingali mtini. Mabuu hula nyama ya tunda kwa ndani, na yakishakomaa hujikunja na kuruka, kisha huingia udongoni na kugeuka mabundo. Kumwita kila mmoja wa hawa wawili "nzi wa matunda" ni sawa na kuwaita paka na chui kwa jina moja eti kwa sababu wote hula nyama.

Pengine msomaji atauliza nzi wa matunda wanahusiana vipi na nchi ya chai, maadamu hawali majani chai. Swali ni halali. Tangu makampuni ya Uingereza yaanze kupanda chai Kericho kibiashara katika miaka ya 1920, mashamba makubwa yamewakutanisha Wakipsigis na wachumaji kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi, na Kiswahili kimekuwa lugha ya kuelewana kwenye foleni ya mizani. Wakulima wadogo, ambao shirika lao la KTDA lilianzishwa mwaka 1964, hupeleka majani yao kwenye vituo vya kununulia, na huko pia Kiswahili husikika. Bonasi inapopungua, mkulima hutafuta tegemeo jingine. Kando ya michai kuna miparachichi, mipera na mipasheni, na huko Kipkelion kuna kahawa, ambayo matunda yake mekundu hupendwa sana na baadhi ya nzi hawa. Kwa hivyo mtu akitaka kupima kama Kiswahili kinaweza kuibeba sayansi hadi shambani, hana haja ya kwenda maabara. Na asimame chini ya mparachichi wa Bomet.

Kitambulisho cha ukoo huu ni bawa. Nzi wote wana mabawa mawili tu. Jozi ya pili imesinyaa ikawa virungu viwili vidogo vya kumsaidia mdudu kujisawazisha angani. Lakini mabawa ya ukoo huu, katika spishi nyingi, yamechorwa. Mshipa mmoja mwembamba karibu na ukingo wa mbele, badala ya kuteremka polepole hadi ukingoni, hupinda ghafla mfano wa kiwiko kisha hufifia. Mshipa huo ni wa mwenye kioo cha kukuzia. Michoro, kinyume chake, huonekana kwa macho matupu, na hapa ndipo Kiswahili kina utajiri ambao wanaistilahi wetu hawajautumia ipasavyo. Lugha hii hutofautisha milia, madoa, mabaka, michirizi na marakaraka bila kuazima chochote. Fauka ya hayo, ina msamiati kamili wa kueleza kitambaa chenye mpaka na uwanja: msamiati wa leso. Mwanamke yeyote wa Litein au Sotik aliyewahi kujifunga leso anajua pindo ni lipi na mji ni upi.

Na tulisome bawa kama leso. Bawa la nzi aitwaye Bactrocera dorsalis lina mji mwangavu usio na chochote, na pindo jembamba la rangi nyeusi kwenye ukingo wa mbele, pamoja na mchirizi mmoja kuelekea nyuma karibu na shina la bawa. Bawa la Ceratitis capitata ni kinyume: mji wake umekatwa na mikanda ya kahawia iliyochanganyika na manjano, na penye shina pamejaa marakaraka meusi. Hapana Mkenya anayehitaji shahada kuuona mpaka huo akionyeshwa mara moja. Tukitoka kwenye bawa tukaja kidarini, tunakuta nyuma ya mgongo kipande chenye umbo la ngao ndogo. Kilatini kilikiita hivyo hivyo, ngao ndogo, na hakuna kinachotuzuia kukiita kigao. Kigao cha Bactrocera dorsalis ni cha manjano, na pembeni mwa mgongo wake pana milia miwili ya rangi hiyo hiyo, hata mtu humdhania nyigu. Kigao cha mwenzake kwa sehemu kubwa ni cheusi kinachong'aa.

Tofauti hii si pambo. Mitego inayotumiwa dhidi ya nzi hawa huwekwa chambo cha kuwavutia madume, na kila chambo kina wateja wake. Methili yujinoli huwavuta madume wa Bactrocera dorsalis. Madume wa Ceratitis capitata huvutwa na trimedilua. Mkulima aliyeambiwa tu kwamba ana "nzi wa matunda", akanunua chambo cha kwanza ilhali shambani mwake wamejaa nzi wa aina ya pili, atautazama mtego mtupu na kudhani shamba limepona. Fedha zimekwenda na maparachichi pia.

Wapo watakaosema jina la Kisayansi linatosha, kwamba ndilo lisilobadilika na kwa hiyo Kiswahili kisijisumbue. Historia ya huyu nzi wa pindo yenyewe yakanusha dai hilo. Aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, akiwa mgeni kutoka Asia. Mwaka 2005 alipewa jina Bactrocera invadens, yaani mvamizi, na kwa jina hilo aliogopwa barani kote. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilifunga soko lake kwa maparachichi ya Kenya kwa ajili yake. Mwaka 2015 wataalamu wakaamua kwamba hakuwa spishi mpya, bali alikuwa Bactrocera dorsalis aliyejulikana tangu zamani, na jina la uvamizi likafutwa. Katika miaka hiyo yote pindo la bawa lake halikubadilika hata kidogo. Jina lililojengwa juu ya pindo lingalivuka mjadala huo salama.

Kisa cha mwenzake kinachekesha zaidi. Ceratitis capitata asili yake ni Afrika, kusini mwa Sahara, lakini Wazungu walimzoea alipoharibu machungwa yao, wakamwita kwa jina la bahari ya Mediterania. Leo vijitabu vya kilimo humrejesha nyumbani kwao kama "nzi wa Mediterania", mithili ya mtoto aliyesafiri akarudi na jina la watu. Dume lake lina alama ambayo haihitaji bahari yoyote: juu ya kichwa, kati ya macho, huchomoza nywele mbili ngumu ambazo ncha zake zimetanuka kuwa vibamba vyeusi. Wayunani waliikopesha sayansi neno lao la pembe ili kuliunda jina Ceratitis. Basi "nzi wa pembe" lingekuwa karibu zaidi na mdudu mwenyewe.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilikuwa hatua kubwa, na haitakuwa haki kuilaumu kwa kutobeba kila kiungo cha nzi. La kulaumiwa ni mazoea yaliyofuata ya kuunda istilahi mezani, Kiingereza kikiwa mkono wa kushoto na kalamu mkono wa kulia, mdudu mwenyewe akiwa hayupo. Wanafunzi wa fasihi nao wamejitenga na kazi hii wakidai ni ya wanaisimu. Dai hilo ni dhaifu. Kitendawili ni nini kama si kukieleza kitu kwa sura yake hadi msikilizaji akitambue bila kutajiwa jina? Aliyezoezwa tashbihi na sitiari kwa miaka minne chuoni ana la kuchangia mbele ya bawa la milimita tano kuliko anavyojidhania.

Mipaka ipo, na haifai kufichwa. Katika nyanda za juu zenye baridi wamo pia jamaa wa nzi wa pembe wasio na pembe, ambao madume yao hutambuliwa kwa manyoya yaliyopangika kama ya unyoya wa ndege kwenye miguu ya katikati. Mwaka 2016 spishi moja kati yao, Ceratitis rosa, iligawanywa mara mbili, na ile iliyozoea baridi ikaitwa Ceratitis quilicii. Majike ya kundi hilo ni vigumu kuyatenga hata kwa darubini. Kwa hao, "nzi wa miguu ya manyoya" litatosha kwa dume, na kwa jike mkulima aambiwe wazi kwamba macho hayatoshi na kwamba mtego wa madume ndio utakaomjulisha ni nani walioingia shambani. Kabla ya majina haya matatu kupelekwa kwa wanakamusi, yasomwe kwanza kwenye vituo vya kununulia majani chai, pamoja na nzi wenyewe waliokaushwa juu ya karatasi nyeupe, na wachumaji waulizwe wao wangewaitaje.