Goma: shu ya kichina, mboga ya familia isiyojua itahama lini

Familia iliyokimbia vita na kupokelewa katika kiwanja cha watu inajiuliza swali lile lile kila mvua inaporudi: ipande nini? Muhogo unaomba karibu mwaka mzima. Maharage, miezi mitatu. Ndizi ndiyo hatari kabisa, kwani ukipanda ndizi kwa mtu, mwenye kiwanja anaanza kufikiri kwamba unataka kubaki na udongo wake. Ugomvi wa aina hiyo Masisi na Rutshuru wanaujua sana.

Shu ya kichina haina maneno hayo. Ni ile yenye vikonyo vyeupe vinene, isiyofunga kichwa kama shu ya kawaida. Baada ya siku 30 hadi 45 iko kwenye sufuria, na ukiikata juu kidogo ya mzizi inachipuka tena. Ndiyo maana shirika la kiutu linalogawa vipando vya muhogo kwa watu wasio na shamba linakosea hesabu. Wapewe mbegu za mboga, magunia na bidoni.

Magunia, kwa sababu mitaa mingi ya Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Udongo uchanganywe na mbolea iliyooza vizuri, mawe madogo yapangwe katikati ili maji yashuke mpaka chini, miche iwekwe juu na kwenye matundu ya kando. Vidudu vidogo vyeusi vinavyorukaruka vitatoboa majani. Mama wengi wanamwaga majivu asubuhi, umande ukiwa bado.

Shida ya kweli ni maji. Mboga hii inakunywa sana, na ikikauka inatoa maua mapema, majani yanakuwa machungu. Pale ambapo kila bidoni ya lita 20 inanunuliwa, maji yaliyoosha mchele au lengalenga yasimwagwe njiani.

Watu watasema majani hayashibishi mtoto bila bugali. Ni kweli. Lakini pesa ya mboga ya kila siku ikibaki nyumbani, inaongeza unga.

Wenye viwanja nao watoe mita mbili kando ya ukuta. Wasikilizane mbele ya shefu wa avenyu: mboga tu, hakuna ndizi, na siku familia itakaporudi kwao udongo unabaki wa mwenyewe. Magunia yajazwe Agosti, kabla mvua ya Septemba haijaanza.